Nyama ya kusaga ya bata mzinga yenye pilipili na asali: namna ya kuipika isitoe maji wala isiungue

Maswali kuhusu chakula hiki ni yale yale. Mbona nyama yangu imejaa maji na kuwa ya kijivu? Mbona asali imeungua na kuleta uchungu? Nimeweka kila kitu kilichotajwa, mbona bado haina ladha? Anayeuliza kwa kawaida ameshanunua nyama, yuko jikoni, na wenye njaa wanamsubiri. Kwa hiyo nimeyapanga majibu kwa mfuatano wa kupika, ili usome hatua, ufanye, kisha usome inayofuata.

Shika jambo moja kabla ya mengine: nyama ikauke na kupata rangi kwanza, utamu uingie mwisho. Makosa mengi ya wanaoanza yanatokana na kuvuruga mpangilio huo. Wanaharakisha nyama, wanamimina sosi ikiwa bado inaelea kwenye maji yake, halafu wanaongeza moto ili kuokoa hali, na asali inaungua.

Chakula chenyewe ni nyama ya kusaga ya bata mzinga iliyokaangwa mpaka ikawa ya kahawia, ikaungwa kwa sosi ya soya, asali, pilipili, tangawizi na kitunguu saumu, na kuliwa na wali. Vipimo vya hapa vinatosha watu 4. Ukishaizoea, kazi yote huisha ndani ya dakika 35 hivi, wali ukiwa unaiva pembeni.

Nyama ya kununua

Soma lebo. Pakiti nyingi za nyama ya kusaga huandikwa namba mbili, mfano 93/7 au 85/15. Namba ya kwanza ni asilimia ya nyama isiyo na mafuta, ya pili ni mafuta. Ukiona 99/1, hiyo ni nyama ya kidari peke yake. Wengi huichukua wakiamini ndiyo bora, lakini kwa chakula hiki ndiyo ngumu kuliko zote: hukauka upesi na kubaki chenga chenga zinazokwama kooni. Mimi huchagua 85/15 ikipatikana, kwa sababu nyama ya paja iliyomo ndani yake ina mafuta na ladha zaidi. 93/7 inafaa pia, na ndiyo niliyopimia maelezo haya. Kama umeshanunua ya kidari, usiitupe. Ongeza kijiko kimoja cha chakula cha mafuta na uiepue mapema kidogo.

Elewa pia kwamba bata mzinga si ng'ombe. Nyama ya ng'ombe hujitegemea kwa ladha hata ukiitia chumvi tu. Hii ni pole. Ladha utailetea wewe, kwa rangi ya kikaangoni na kwa viungo, ndiyo maana pilipili na asali zinaipenda sana.

Mahitaji

Ya nyama na mboga:

- nyama ya kusaga ya bata mzinga, gramu 500
- mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, kama ya alizeti, vijiko vya chakula 2
- kitunguu maji kikubwa 1
- pilipili hoho nyekundu 1
- karoti 1
- kitunguu saumu, punje 4
- tangawizi mbichi, kipande cha sentimita 3
- chumvi, robo ya kijiko cha chai
- pilipili manga kidogo

Ya sosi:

- sosi ya soya, vijiko vya chakula 3
- asali, vijiko vya chakula 2
- siki ya mchele au maji ya ndimu, kijiko cha chakula 1
- pilipili ya chupa au ya rojo, kijiko cha chakula 1 (soma maelezo hapa chini kabla ya kupima)
- wanga wa mahindi, kijiko cha chai 1
- maji, vijiko vya chakula 5

Ya kumalizia:

- mafuta ya ufuta, kijiko cha chai 1
- majani mabichi ya kitunguu, mafungu mawili matatu yaliyokatwakatwa
- ufuta uliokaangwa kidogo, ukipenda
- mchele, vikombe 1½, kwa ajili ya wali

Kijiko cha chakula hapa ni mililita 15, cha chai ni mililita 5. Vijiko vya mezani hutofautiana sana ukubwa, kwa hiyo kama una vile vya kupimia, vitumie kwa sosi. Kwa mboga usijisumbue.

Wanga wa mahindi ni ule unga mweupe, laini kabisa, unaolia ukiubana vidoleni. Usiuchanganye na unga wa mahindi wa kawaida, ambao utakuachia chenga kwenye sosi. Huna asali? Sukari ya kahawia inafanya kazi kwa kipimo kile kile. Na kama kuna mtoto wa chini ya mwaka 1 atakayeonjeshwa, tumia sukari badala ya asali, kwani asali haifai kwa umri huo hata ikiwa imepikwa.

Anayekwepa ngano asome lebo ya sosi ya soya pia, maana nyingi hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja. Ile iitwayo tamari mara nyingi haina ngano, ila hakikisha kwenye lebo.

Kuhusu pilipili

Hapa ndipo vipimo vya watu vinapopishana, kwa hiyo tuliangalie kwa makini kidogo. "Kijiko kimoja cha pilipili" hakina maana mpaka ujue ni pilipili gani.

Pilipili ya chupa, ile nyepesi yenye siki, ni kali na chachu kwa pamoja. Ukiitumia, punguza siki ya sosi iwe nusu ya kijiko. Pilipili ya rojo iliyochachushwa, kama gochujang ya Wakorea, ni nzito na ina utamu wake. Ukiitumia, anza na asali kijiko 1½ na ongeza baadaye kama haitoshi. Pilipili kavu iliyopondwa haina chumvi wala uchachu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha, na haiingii kwenye sosi bali kwenye mafuta pamoja na tangawizi. Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, hauyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo ukiikaanga kidogo inasambaa chakula chote.

Pilipili mbichi nayo inafaa. Ipasue kwa urefu uone ule utando mweupe unaoshikilia mbegu. Watu hulaumu mbegu, lakini ukali mwingi uko kwenye utando. Ukwangue na ukali utapungua sana. Uache kama kinywa chako kinauweza. Osha mikono kwa sabuni mara moja ukimaliza, kabla hujashika uso.

Kama mezani kuna asiyekula pilipili, usiitie kabisa kwenye sosi. Pika yote bila pilipili, toa fungu lake, kisha malizia lililobaki kwa pilipili iliyokaangwa kwenye kijiko cha mafuta.

Vyombo

Kikaango kizito na kipana, cha sentimita 28 hadi 30. Upana una kazi kubwa kuliko unavyodhani. Kwenye sufuria ndogo yenye kina, gramu 500 za nyama zitarundikana na kuchemka badala ya kukaangika. Utahitaji pia mwiko wa mbao wenye ncha bapa, bakuli mbili safi, na kibao cha kukatia mboga ambacho hakitaguswa na nyama mbichi. Kipimajoto cha nyama si lazima, lakini kinaondoa wasiwasi wote kuhusu kuiva.

Usafi, kwa kifupi

Nyama iliyoganda iyeyushwe kwenye friji usiku kucha, juu ya sahani, siyo mezani. Ikiwa mbichi, ikae kwenye friji, nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake, siku 1 au 2 tu, la sivyo igandishe. Usiioshe kwa maji. Kuiosha hakuui vijidudu, kunavirusha kwenye sinki na vyombo vya jirani. Mwiko uliovunjia nyama mbichi uoshwe kabla ya kuugusisha chakula kilichoiva.

Hatua kwa hatua

1. Bandika wali kwanza. Upike kama unavyoupika siku zote, ila chumvi iwe kidogo sana au isiwepo kabisa, kwa sababu sosi ya soya imebeba chumvi ya kutosha. Wali ukiiva uache umefunikwa, utakusubiri. Nyama haisubiri.

2. Kausha nyama. Itoe kwenye pakiti, itandaze juu ya karatasi za jikoni, weka nyingine juu na ugandamize kwa kiganja. Utaona karatasi inavyolowa. Maji hayo ndiyo yangekuwa supu kikaangoni. Usiitie chumvi bado, na wala usiikandekande. Nyama ya kusaga ikikandwa hushikamana na kuwa ngumu.

3. Kata mboga zote. Kitunguu maji kikatwe vipande vidogo, hoho na karoti ziwe vipande vyembamba virefu ili viive kwa wakati mmoja. Twanga au kata laini kitunguu saumu na tangawizi, uviweke pamoja kwenye kisahani. Usianze kukaanga ukitegemea kukata huku unaendelea; tangawizi inataka nusu dakika tu, na nusu dakika haikupi nafasi ya kumenya chochote.

4. Changanya sosi kwenye bakuli ndogo. Anza na wanga na maji baridi, koroga mpaka madonge yaishe, ndipo utie sosi ya soya, asali, siki na pilipili. Ukiutia wanga kwenye kitu cha moto utaganda madonge ambayo hayatoki tena. Onja kwa ncha ya kijiko. Iwe kali na ya chumvi kupita unavyotaka, maana itagawanywa kwenye nyama na mboga zisizo na chumvi.

5. Pasha kikaango kikavu kwa moto wa wastani kuelekea mkali, dakika 2. Kama ni cha aina isiyoshika chakula, usikipashe kikavu. Tia mafuta mapema na utumie moto wa wastani. Mimina kijiko kimoja cha chakula cha mafuta. Yakianza kutambaa upesi na kumetameta, yapo tayari. Yakitoa moshi, yamezidi. Punguza moto na subiri kidogo.

6. Weka nyama kama ilivyo, igandamize kwa mwiko iwe kipande kimoja kipana chenye unene wa sentimita 1½ hivi, kisha iache. Usiiguse dakika 4. Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, kwa sababu mkono unatamani kukoroga. Zuia mkono. Kila unapoikoroga unaleta upande wa baridi chini na kuachia maji mengine, na rangi haiji.

Sikiliza kikaango. Mwanzoni utasikia mlio laini wa maji yanayochemka, mvuke ukipanda. Baadaye mlio unabadilika, unakuwa mkavu, wa kupasukapasuka, na mvuke unapungua. Kingo za nyama zinageuka kahawia na inajibandua yenyewe ukiisukuma. Hapo ndipo wakati wa kugeuza umefika, iwe ni dakika 4 au 6. Majiko hayalingani, lakini mlio huo haudanganyi.

7. Igeuze kwa mapande makubwa, iache tena dakika 2, ndipo uivunjevunje kwa ncha ya mwiko. Usiifanye unga. Vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole ndivyo vizuri: vina upande mmoja wa kahawia, na ndani vina majimaji yake. Sasa tia chumvi robo kijiko na pilipili manga. Endelea kwa dakika 2 au 3 mpaka pasibaki pande lililo bichi.

8. Hamishia nyama kwenye bakuli safi, siyo ile iliyobeba nyama mbichi. Acha mafuta kikaangoni pamoja na ile tabaka ya kahawia iliyoshika chini. Usiikwangue ukaitupa. Hiyo ndiyo ladha uliyoihangaikia tangu hatua ya 6.

9. Kama kikaango kimekauka, ongeza kijiko cha mafuta kilichobaki. Tia kitunguu maji na karoti, moto wa wastani, dakika 3. Unyevu wa kitunguu utalainisha tabaka ya chini. Ikwangue kwa mwiko ichanganyike. Tia hoho, dakika 2 nyingine. Mboga zibaki na mlio zikitafunwa, kwa sababu nyama ni laini na sosi ni laini, na mlo mzima ukiwa laini unachosha kabla hujafika nusu ya sahani.

10. Sogeza mboga pembeni, acha nafasi katikati. Weka hapo tangawizi na kitunguu saumu, pamoja na pilipili kavu kama ndiyo unayotumia. Koroga nusu dakika, mpaka harufu ikufikie. Kitunguu saumu kikianza kuwa kahawia umechelewa, na kikiungua kitaleta uchungu usioweza kufichwa na asali. Ndiyo maana hakikuingia pamoja na kitunguu maji.

11. Rudisha nyama pamoja na majimaji yake yote. Punguza moto uwe wa wastani. Koroga tena sosi kwenye bakuli, kwani wanga hutuama chini ndani ya dakika chache, kisha mimina yote kwa pamoja huku ukigeuza nyama.

12. Pika dakika 2, siyo 10. Sosi itaanza nyepesi na yenye ukungu, kisha itachemka, itazidi kuwa nzito na kung'aa. Ni lazima ichemke kweli, kwa sababu wanga haukamiliki kwa uvuguvugu. Pitisha mwiko chini ya kikaango: ukiacha njia inayojifunga polepole, epua. Itaonekana nyepesi kidogo kuliko unavyotaka. Iache hivyo hivyo, itazidi kukaza ikipoa sahanini.

13. Hakikisha imeiva. Nyama ya bata mzinga iliyosagwa inapaswa kufika nyuzi 74 za Selsiasi. Kusanya nyama iwe lundo katikati ya kikaango na uchomeke kipimajoto ndani ya lundo, kisigusane na chuma. Rangi si shahidi wa kutegemewa: nyama hii inaweza kubaki na uwaridi ikiwa imeshaiva, na inaweza kupoteza uwaridi kabla haijaiva. Kama huna kipimajoto, vunja mapande makubwa zaidi, hakikisha yote ni ya moto sana mpaka ndani, na uongeze dakika 1 au 2 pamoja na vijiko viwili vya maji.

14. Zima jiko, nyunyiza mafuta ya ufuta, geuza mara mbili. Mafuta haya ni ya harufu. Yakikaa motoni harufu inakwenda na moshi. Sasa onja.

Kuonja na kurekebisha

Usionje ikiwa inachemka. Toa kijiko kimoja, kipoe kidogo, kwani chakula cha moto mno huuficha utamu na chumvi. Na pilipili huchelewa: subiri kidogo baada ya kumeza kabla hujasema haijakolea.

Ikiwa imekuwa tamu kupita kiasi, kinachotakiwa ni uchachu, siyo chumvi. Tia siki au ndimu nusu kijiko cha chai, geuza, onja tena. Ikiwa imepooza, haina jina, wengi hukimbilia sosi ya soya. Jaribu ndimu kwanza. Mara nyingi chumvi ipo tayari, imekosa kitu cha kuiamsha. Ikiwa kali mno, maji hayatakusaidia. Ongeza asali kidogo na mafuta ya ufuta kidogo, na uigawanye kwa mboga zaidi au wali mwingi. Ikiwa na chumvi nyingi, ongeza mboga isiyotiwa chumvi, kama kabichi iliyokatwa nyembamba, na maji vijiko viwili, uiache ichemke tena dakika moja.

Rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayetia asali, ndimu na pilipili kwa mpigo hajui kilichosaidia, na kesho hawezi kukirudia.

Pakua juu ya wali wa moto, nyunyiza majani ya kitunguu na ufuta. Ndimu iliyokatwa iwekwe mezani, kila mtu ajikamulie. Ukipenda, badala ya wali tumia tambi, au funga nyama kwenye majani makubwa ya saladi na kula kwa mkono. Kwa tambi, ongeza maji ya sosi vijiko 3, kwa sababu tambi hunywa.

Ukitaka kupika ya watu wengi

Usiweke kilo 1 ya nyama kwenye kikaango kimoja. Hata kikaango kikubwa kitapoa, maji yatatoka, na utarudi kwenye ile nyama ya kijivu. Kaanga gramu 500, toa, kaanga nyingine, kisha ukutanishe zote kwenye hatua ya sosi. Vipimo vya sosi vyote zidisha mara mbili, isipokuwa pilipili: anza na mara moja na nusu, ndipo uonje.

Kikiharibika

*Nyama imetoa maji, inachemka.* Kikaango kilikuwa baridi, kidogo, au nyama haikukaushwa. Usimwage kitu bado. Ongeza moto, tandaza nyama, na uache maji yakauke yote bila kufunika. Yakiisha na mlio ukibadilika, iache dakika 3 bila kuigusa, rangi itakuja. Nyama itakuwa kavu kidogo, lakini sosi itaificha.

*Imeshika chini ya kikaango.* Ikiwa ni mwanzoni, hujasubiri vya kutosha. Nyama hung'ang'ania chuma kabla haijapata rangi, na huachia ikishaipata. Ikiwa ni baada ya kutia sosi, moto ni mkali; punguza, tia vijiko viwili vya maji, kwangua.

*Sosi imekuwa na uchungu.* Kuna kilichoungua, asali au kitunguu saumu. Kama ni pembeni tu mwa kikaango, hamisha chakula kwenye chombo kingine bila kukwangua chini. Kama uchungu umeenea, utamu zaidi hautauondoa. Ni heri kutengeneza sosi mpya, na kula sehemu ya nyama iliyosalimika.

*Sosi haikazi.* Aidha haijachemka, au wanga ulibaki chini ya bakuli. Angalia bakuli. Koroga nusu kijiko cha chai cha wanga na kijiko cha chakula cha maji baridi, mimina, chemsha dakika 1. Usiongeze wanga mkavu.

*Sosi imekaza kama gundi.* Maji ya moto, kijiko kimoja kimoja, ukigeuza.

*Nyama ni ngumu, chenga chenga.* Ilipikwa mno, au ni ya kidari tupu. Tia maji vijiko 3 na mafuta ya ufuta kidogo, funika dakika 2 kwa moto mdogo. Haitarudi kama mwanzo ila italika. Safari nyingine acha mapande makubwa zaidi na uepue mapema.

*Inanuka bata mzinga.* Harufu kidogo ni ya kawaida, na inatulia ukizidisha tangawizi na kuipa nyama rangi ya kutosha. Harufu ya kuchacha, au utelezi ulipoishika ikiwa mbichi, ni jambo lingine. Hiyo usiipike, itupe.

Kiporo

Kiweke kwenye friji ndani ya saa 2 tangu kuepua, nyama na wali kila kimoja chombo chake, kikiwa kimetandazwa ili kipoe upesi. Wali usiulaze nje usiku, kwani kuna vijidudu vyake vinavyostahimili kupikwa na huzaliana ukibaki na uvuguvugu. Nyama hukaa friji siku 3 hadi 4. Ukiigandisha, ni vizuri kuila ndani ya miezi 3 kabla ladha haijafifia, bila majani ya kitunguu, ambayo hulegea.

Kupasha, tia kijiko kimoja cha maji kwa kila fungu, moto wa wastani, funika, mpaka ifike nyuzi 74 tena. Pilipili itakuwa imeingia ndani zaidi na ndimu itakuwa imepotea, kwa hiyo kamulia nyingine baada ya kuepua.